Maana Ishirini na Saba za Neno la Herufi Tatu

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumanne. Nina hakika na saa kwa sababu saa ya ukutani ya duka la Bwana Awadhi ilikuwa mbele ya macho yangu, na nina hakika na siku kwa sababu kila Jumanne mama alitia tangawizi katika chai niliyompelekea baba kazini. Mengi ya utoto wangu nimeyachanganya na mengine nimeyasahau. Hili sikulisahau, wala sikutaka.

Hata leo, muuza kahawa akipita mtaani akigonganisha vikombe vyake vile vidogo visivyo na mkono, mlio ule hunifikia shingoni kabla haujafika masikioni. Jirani zangu husikia kahawa. Mimi husikia watu wanamcheka baba yangu.

Baba, Fundi Mbaraka, alikuwa mshonaji. Hakuwa na duka. Alikodi kona ya baraza la Bwana Awadhi, Mwarabu aliyeuza bizari, chumvi, ubani na mafuta ya taa, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo. Upande mmoja wa baraza ilikaa cherehani ya baba. Upande mwingine lilikaa benchi refu, na alasiri wanaume waliotoka kazini walilijaza wakinywa kahawa ya Mzee Kombo. Kati ya cherehani na benchi zilikuwa hatua tano na nusu, kwa miguu yangu ya miaka kumi na mmoja. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati mtu aliyejua Kiingereza aliweza kukaa popote alipotaka, na wengine wakasogea.

Aliyekuwa akisogezewa nafasi pale alikuwa Bwana Hashimu, karani wa ofisi moja ya leseni. Shati lake jeupe lilitiwa wanga mwingi hata alipogeuka lilitoa sauti kama karatasi. Mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja ya wino mwekundu, na sikumwona akiitumia yoyote. Aliegemeza baisikeli yake kwenye nguzo, akafungua gazeti la Kiingereza, akalisoma kwa sauti safu nzima, kisha akatufasiria kwa maneno manne au matano. Habari ilikuwa ndefu alipoisoma na fupi ilipotufikia. Hakuna aliyethubutu kumuuliza iliyobaki ilikwenda wapi.

Jumanne ile alilikunja gazeti, akamgeukia baba.

"Fundi, nasikia unasoma masomo ya jioni. Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa pili, bwana," baba alijibu. Alikuwa anapinda suruali ya mtu, hakuinua macho.

"Vizuri. Basi nikupe neno dogo. Sikupi maneno ya mahakamani, nakupa neno ambalo hata boi wa jikoni analitumia. Herufi tatu: get. Nitajie maana zake."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. "Kupata," alisema. "Kupokea." Akafikiri kidogo. "Na kufika."

"Na?"

"Basi, bwana. Ni hizo."

"Ni hizo!" Bwana Hashimu alisimama. "Jamani, neno lina maana ishirini! Miaka miwili, maana tatu. Mzee Kombo, nifanyie hesabu, huyu atalimaliza lini?"

"Mimi najua hesabu ya vikombe tu," alisema Mzee Kombo.

"Hatalimaliza! Watamzika nalo! Watu wakiuliza kaburi la nani hili, wataambiwa ni la Bwana Geti, alikufa na tatu, zikabaki kumi na saba!"

Benchi lilicheka mpaka likasogea. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai, na tangawizi ilinipanda puani. Baba naye alicheka. Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji, na kicheko hicho chake ndicho kilichonichoma zaidi ya vyote. Kisha akalipia kahawa ya watu tisa.

Lazima niwaeleze sheria ya benchi lile, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Mtu aliyeshindwa swali mbele ya watu alinunua kahawa kwa wote waliokaa. Kama kushindwa kwake kulikuwa kwa kuchekesha, alipewa na jina. Jina la benchi halikuombwa kuondolewa, na ukilikasirikia lilizidi kukaza. Lilihamishwa tu. Mwenye jina aliweza kumwita aliyempa, mbele ya Mzee Kombo na watu wasiopungua watano, wakashindana kwa jambo lilelile. Akishinda, jina lilihama, likamkalia yule aliyelitunga. Mzee Kombo ndiye alikuwa hakimu kwa sababu hakuwa na upande. Wote walikuwa wateja wake.

Baba hakumwita Hashimu. Jumatano hakumwita, Alhamisi hakumwita. Kufika Ijumaa jina lilikuwa limetoka barazani na kuingia mitaani, na huko hapakuwa na aliyejua ni neno la Kiingereza. Walidhani ni geti la kawaida, la kufungua na kufunga. Nikienda bombani, watoto walinizibia njia wamenyoosha mikono. "Fungua geti!" mmoja aliimba, na wa pili akaitika, "Funga geti, kuku wasitoke!" Mama akaitwa Mama Geti na wanawake wenye ndoo, kwa kicheko kitamu, kana kwamba wanampa zawadi. Mimi nilikuwa Binti Geti. Nilikuwa msichana wa kujivuna, nawaambia ukweli. Nilikuwa wa kwanza darasani, na nilizoea kuitwa kwa jina langu, Mwanaidi, tena na walimu, tena kwa sifa.

Usiku wa Ijumaa niliapa. Sikuapa kwa maneno makubwa. Nilisema tu: jina hili litahama, na nitaliona likihama kwa macho yangu.

Sasa nawaambia jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili msilisome hili kwa furaha niliyokuwa nayo mimi. Katika mtaa wa Msimbazi kulikuwa na chumba kidogo cha duka kilichoachwa wazi, na baba alikitaka. Alikuwa amekwisha kumpa mwenye nyumba fedha ya kukishika chumba mpaka mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni leseni, na barua ya kuomba leseni iliandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi wa barua hiyo, ambaye pia ndiye angeipeleka mezani kwa mkubwa wake, alikuwa Bwana Hashimu. Jumanne ile barua ilikuwa mikononi mwake. Baba alijua. Mama alijua. Watoto hawaambiwi mambo kama hayo.

Jumatatu iliyofuata nilitumwa kununua chumvi. Bwana Awadhi alichana karatasi kutoka kitabu kinene kisicho na jalada, akaikunja ikawa kama pembe, akaijaza chumvi. Sisi sote tulifungiwa vitu kwa karatasi kuukuu: magazeti, madaftari, barua za ofisini. Awadhi alizinunua kwa ratili, kwa kupimiwa uzito. Lakini karatasi ile ilikuwa na maneno yaliyopangwa mstari mmoja mmoja, kila moja likifuatwa na maelezo, na yote yalianza kwa herufi F. Nilimwaga chumvi kwenye bakuli la mama, nikaipangusa karatasi, nikakaa chini.

Ilikuwa kamusi. Bwana Awadhi alikuwa akiichana kuanzia mwanzo, kwa utaratibu, karatasi moja kila mteja. A, B, C, D na E zilikuwa zimekwisha kuliwa na Kariakoo nzima. F ilikuwa inamalizikia. Baada yake ilikuwa G.

Nilirudi dukani mbio.

"Shikamoo, Bwana Awadhi."

"Marahaba. Chumvi imemwagika?"

"Hapana. Naomba zile karatasi za G."

"Za nani?"

"Za kitabu kile. Hizi hapa, tatu." Nilikuwa nimefungua na kuziona: neno langu lilijaza karatasi tatu, mbele na nyuma. Sikuamini kwamba neno dogo vile linaweza kuchukua nafasi kubwa vile.

"Mimi siuzi karatasi, mwanangu," alisema. "Mimi nauza bizari, karatasi ni nguo yake. Ukitaka nguo, nunua na mwili."

Sikuwa na senti. Nilikuwa na daftari. Nilimwambia nitampa karatasi mbili safi za daftari kwa kila moja yake. Alizipima kwa vidole, akaona ni ngumu na hazina wino wa kuchafua ubani, akakubali. Lakini daftari nililokuja nalo lilikuwa limebakiza karatasi nne tu. Nikachukua mbili za kwanza. Ya tatu nikamsihi aniwekee mpaka kesho.

"Nitakuwekea," alisema, na nadhani alikusudia hivyo.

Kesho yake nilitoka shule nikipitia dukani kabla ya nyumbani. Karatasi ya tatu haikuwapo. Bwana Awadhi alijipiga paji la uso. Asubuhi kulikuwa na wateja wengi, mkono ulikwenda wenyewe.

"Nani aliichukua?"

"Mama Aika. Manjano ya senti ishirini."

Mama Aika alikuwa mke wa Mchaga mmoja aliyeuza maharage na vitunguu kwa jumla. Walikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa amesoma shule ya misheni huko kwao Kilimanjaro, na ilisemekana anajua Kiingereza kumshinda mumewe, jambo ambalo mumewe alilitangaza mwenyewe. Nilimkuta uani anaosha sufuria. Manjano ilikuwa tayari kwenye kopo. Karatasi ilikuwa kwenye moto, au tuseme ilikuwa inakwenda: alikuwa ameitupa juu ya mkaa kuamsha jiko, na pembe moja imeanza kukunjamana. Niliitoa kwa mkono. Kovu lake ninalo kwenye kidole cha shahada, dogo, kama punje ya mtama.

"Wewe mtoto una wazimu?" Mama Aika alisema. "Karatasi hiyo ina nini?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, mpaka habari ya kuku wasitoke. Aliposikia jina la Hashimu aliacha kusugua.

"Ni yule mwembamba, wa kalamu mbili?"

"Ndiye, mama."

"Yule nilimpelekea fomu yangu nimeijaza mwenyewe. Akaiinua mbele ya foleni, akasema, tazameni, mke wa muuza vitunguu amejua kuandika." Aliifuta mikono kwenye khanga, polepole. "Unataka kumfanyia nini?"

"Kumlipa."

"Kaa chini," alisema Mama Aika.

Kwa siku kumi na mbili nilikwenda kwake kila alasiri. Nilimchambulia maharage, naye alinisomea karatasi zile mstari kwa mstari. Nilipiga mistari katika daftari jipya, safu tatu: nambari, maana, mfano. Mifano ya kamusi ilikuwa ya nchi ya wenyewe, ya theluji na farasi, haikunishika. Mama Aika alisema tuitupe, tutie ya kwetu. Kwa hiyo neno lile lilianza kukaa Kariakoo. Lilikuwa kuleta, mtu anapotumwa maji bombani. Lilikuwa kulowa, mvua ya masika inapomkuta mtu mtaani Mchafukoge bila mwavuli. Lilikuwa kushikwa na homa, na lilikuwa tena kupona homa ileile. Lilikuwa kupanda basi na lilikuwa kushuka, kwa kubadilisha tu kineno kinacholifuata. Nilishangaa sana. Nilizoea maneno yenye kazi moja, kama jembe. Hili lilikuwa kama mtumishi wa nyumba kubwa: kila mlango ukigongwa, ndilo linalotumwa kufungua.

Karatasi ya tatu, ile ya manjano, tuliiacha mwisho kwa sababu ilikuwa ngumu kusoma. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya herufi. Maana ya mwisho kabisa, chini upande wa kulia, karibu na pale palipoungua, Mama Aika aliisogeza mwangani, akaisoma kimoyomoyo, akacheka peke yake. Kisha akaniambia. Nikaiandika nambari ishirini na saba.

Lilibaki tatizo moja. Jina lilikuwa la baba, na baba hakutaka kumwita Hashimu. Sheria ya benchi haikumruhusu mtu mwingine kulipigania jina ambalo si lake. Nililifikiria jambo hili siku mbili nzima, na jibu lilipokuja lilikuwa rahisi kiasi cha kunitia haya. Jina lilikuwa langu pia. Kilichotakiwa ni Hashimu mwenyewe aseme hivyo, barazani, mbele ya watu watano.

Nilichagua Alhamisi, siku ambayo benchi hujaa. Nilibeba birika mkono mmoja na daftari chini ya khanga. Nilihesabu: watu kumi na mmoja pamoja na Mzee Kombo. Nikapita mbele yao, nikasimama kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bwana Hashimu."

Alitazama juu ya gazeti. Nilimwona anavyofurahi. Hakuweza kujizuia, kama nilivyojua kwamba hataweza.

"Marahaba, Binti Geti! Hujambo? Kuku wazima?"

Watu walicheka. Nilisubiri wamalize.

"Mzee Kombo," nikasema, "umesikia ameniitaje?"

"Nimesikia."

"Jina hilo amenipa nani?"

Mzee Kombo aliweka dele lake la kahawa chini. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno. "Amekupa huyu aliyesema."

"Basi ni langu. Nataka lihame."

Cherehani ya baba ilinyamaza.

"Mwanaidi," alisema kutoka upande wa pili, "weka chai hapa, uende nyumbani."

Niliweka chai. Sikuenda. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na kwa kadiri nikumbukavyo ilikuwa ya mwisho.

"Mwanaidi!"

"Fundi," alisema Mzee Kombo, "mtoto ameomba kwa sheria. Kama wewe ulikuwa na lako, ungesema wiki zile."

Baba angeweza kusema nini? Kwamba ana barua? Mbele ya benchi? Mimi nilidhani anaogopa nitamwaibisha, na hilo likanitia nguvu zaidi.

"Mwacheni," Hashimu alisema, akavuka mguu juu ya mguu. "Baba alileta tatu, tuone mtoto analeta ngapi. Haya, binti, imba."

"Wewe ulisema ni ishirini," nikasema.

"Ishirini. Nilizisoma chuoni kwa moyo, zipo hapa." Aligusa paji la uso wake.

"Nikizidisha ishirini, jina ni lako?"

"Ukizidisha ishirini nitajiita mwenyewe!"

Nikaanza. Sikufungua daftari. Nilitaja maana, nikatoa mfano, Mzee Kombo akahamisha punje ya buni kutoka mkono wa kulia kwenda kwenye sinia. Kupata, kupokea, kufika: zile tatu za baba nilizitaja kwanza, kwa makusudi, kwa sauti kubwa kuliko zote. Kuleta. Kuamka. Kupanda. Kushuka. Hashimu alikuwa na neno la kejeli kila baada ya punje. "Kasuku huyu! Nani kamfundisha?" Kufika kumi na mbili, kejeli zilianza kuchelewa. Kufika kumi na sita, mtu mmoja benchini alianza kuhesabu pamoja na Mzee Kombo, kisha wawili, na kufika ishirini lilikuwa benchi zima.

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi, nikamtazama.

"Ndizo hizo, ishirini," alisema. "Sare. Hukuzidisha."

"Ishirini na moja," nikasema. "Kumfanya mtu akutendee jambo. Kama wewe, Bwana Hashimu, unavyofanya watu wakununulie kahawa."

Sikupanga kusema hilo. Lilitoka. Benchi lilipiga yowe. Nikaendelea, ishirini na mbili, ishirini na tatu, na uso wake ulibadilika rangi sehemu moja moja, masikio kwanza.

"Uongo!" alisema. "Hizo hazimo! Anabuni! Mzee Kombo, wewe hujui Kiingereza, utajuaje?"

"Kweli sijui," alisema Mzee Kombo.

Nikatoa karatasi tatu. Nikamkabidhi hakimu, naye akazinusa kabla ya kuzitazama.

"Hii ina bizari."

"Karatasi ya duka la Awadhi!" Hashimu alisema. "Mtashindanisha watu kwa karatasi ya bizari?"

"Ni karatasi ya kamusi," alisema Bwana Awadhi kutoka mlangoni, akiwa amekasirika kwa ajili ya bidhaa yake. "Kamusi ya Mzungu. Nimeinunua kwa ratili, na risiti ninayo."

Mzee Kombo alimnyooshea Hashimu ile ya manjano. "Mwenye Kiingereza hapa ni wewe. Kila siku unatusomea. Tusomee."

Nataka mwone jinsi ilivyokuwa. Alisimama pale na karatasi ikimpaka vidole manjano, na ilibidi asome. Angekataa, angekuwa amekiri. Alisoma ishirini na nne kwa Kiingereza, mimi nikataja kwa Kiswahili, punje ikaanguka. Alisoma ishirini na tano. Alisoma ishirini na sita. Sauti yake ilikuwa ikipungua na benchi lilikuwa likimwinamia ili lisikie. Ya ishirini na saba aliisoma kwa macho tu.

"Soma," alisema Mzee Kombo.

Akasoma, chini chini.

"Ishirini na saba," nikasema. "Kulipiza kisasi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mzee Kombo mwenyewe alikaa chini akishika tumbo. Hashimu alinunua kahawa kumi na mbili, na moja iliwekwa kwenye meza ya cherehani. Baba hakuigusa. Niliiona ikipoa, nikadhani ni kwa furaha.

Jina lilihama siku hiyohiyo. Alikuwa Karani Geti kabla hajaifikia baisikeli yake. Mimi sikuridhika na hapo. Niliwatafuta walewale watoto wa bombani, nikawaonyesha saa yake ya kupita na njia anayopita, na kila alasiri walimzibia njia wamenyoosha mikono: fungua geti, funga geti. Alipiga kengele, hawakusogea. Nilikaa kibarazani nikitazama kama mtu anayekula muwa. Baada ya miezi mitatu alihamia mtaa mwingine, na nilimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Kamusi sikuiacha. Nilibadilishana na Bwana Awadhi karatasi kwa karatasi kuanzia H mpaka mwisho wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu ya sekondari, kwa kuwa ile nyingine sikuipata. Mpaka leo maneno ya H hadi Z nayajua vizuri. Ya A hadi G, ukiondoa moja, yananisumbua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mama aliponiambia. Tulikuwa tunachambua mchele, na mimi nilikuwa namsimulia mtoto wangu jinsi bibi na babu walivyoitwa Geti. Nilikuwa nimefika kwenye karatasi ya manjano. Mama hakucheka.

"Jumatatu yake baba yako alikwenda kuuliza barua," alisema. "Walikuwa wengi dirishani. Yule bwana akaitoa, haijapigwa hata mhuri, akamrudishia. Akamwambia, nenda kampe binti yako, ndiye mwenye Kiingereza."

Nilimuuliza kwa nini baba hakuniambia.

"Akuambie ili iwe nini? Ulikuwa mtoto. Ulikuwa umefurahi."

Kisha akaniambia na lingine. Baba alijua maana kumi na moja. Usiku wa Jumanne ile ile, wakiwa kitandani, alimhesabia mama zote kwa vidole, na vidole vilipokwisha akatumia kimoja cha mama. Aliishia kwenye tatu kwa sababu mtu aliyeshika barua yako humshindi mbele ya wenzake. Mama alisema walicheka sana usiku ule. Walikuwa wanapanga cherehani ya pili wataiweka ukuta gani.

Kwa miaka kumi na mitano nilidhani nilimlipia baba. Baba hakuwa na cha kulipiwa. Alikuwa amepiga hesabu, akaona kicheko cha watu tisa na kahawa zao ni bei ndogo kwa chumba cha duka, akalipa na kunyamaza. Aliyechomwa na jina nilikuwa mimi, wa kwanza darasani. Kisasi kilikuwa changu peke yangu, nikakinunua kwa mali ya mtu mwingine, naye akaniacha nikifurahie mpaka akafa kwenye kona ileile ya baraza.

Mtaniuliza kama najuta. Ninajuta kwa ajili ya baba. Kwa ajili ya Hashimu, nikiukumbuka uso wake juu ya karatasi ile, bado nasikia utamu mdomoni, na kwa kuwa sikuwaficha mengine, hilo nalo sitalificha. Nimejaribu kulitoa kwa dhamiri mara nyingi, halikutoka.

Baba hakuacha daftari la hasara. Nimelijaza mwenyewe kwa kumuuliza mama, kitu kimoja kimoja. Fedha ya kushika chumba ambayo mwenye nyumba hakuirudisha, shilingi thelathini. Kibao chenye jina lake, kilichokuwa kimekwisha kupakwa rangi na kikaja kuwa ubao wa kitanda changu, shilingi kumi na tano. Stempu za barua, shilingi moja na nusu. Jumla, shilingi arobaini na sita na senti hamsini.